Barua ya wazi kwa Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana: msiruhusu hisa zisizouzika kwenye mifuko inayolipa kila siku

Kwa Mtendaji Mkuu na Wajumbe wa Bodi,
Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana (CMSA), Tanzania.
Nakala: Mamlaka ya Masoko ya Mitaji, Kenya.

Waheshimiwa,

YAH: HISA ZA KAMPUNI BINAFSI NDANI YA MIFUKO YA UWEKEZAJI WA PAMOJA

Tunaandika kuhusu jambo moja. Ni mfuko wa pamoja ambao mwananchi anaweza kuuza vipande vyake siku yoyote ya kazi, lakini ndani yake una hisa za kampuni ambazo hazijaorodheshwa sokoni. Kama ombi la kuanzisha mfuko wa namna hiyo halijafika mezani kwenu, litafika. Tunaomba likute kanuni zimeshaandikwa, maana kanuni zinazoandikwa baada ya fedha za watu kukwama huwafaa watakaokuja, si waliokwisha kuumia.

Hatupingi uwekezaji huu, tena tunautaka. Soko la Hisa la Dar es Salaam (DSE) lina kampuni zisizofika 30, na sehemu kubwa ya mauzo ya siku hubebwa na majina machache, CRDB na NMB yakiwa mbele. Wasindikaji wa vyakula, wasafirishaji, hospitali binafsi na kampuni za malipo ya simu hukua miaka kumi au kumi na tano bila kugusa soko. Mwenye vipande hubaki na hati fungani, amana za benki na hisa zilezile ambazo kila mfuko unazo. Ukuaji mkubwa hutokea pale asipoweza kufika.

Marekani walishaufungua mlango huo. Januari 2015 Fidelity, kampuni kubwa ya mifuko ya uwekezaji, pamoja na Google, iliweka dola bilioni 1 katika SpaceX, kampuni ya roketi, kwa sehemu iliyokaribia asilimia 10 ya kampuni. Desemba 2024 hisa za SpaceX ziliuzwa kwa bei iliyoifanya kampuni nzima iwe na thamani ya dola bilioni 350, ikiwa bado haijaorodheshwa. Mfanyakazi wa kawaida mwenye vipande vya Contrafund, mmoja wa mifuko ya Fidelity, alikuwa na chembe yake humo. Hiyo ndiyo faida, na ni ya kweli.

Tatizo ni namna ya kutoka. Hisa iliyoorodheshwa DSE ikiuzwa, dalali huingiza oda, akaunti ya CDS (daftari la kielektroniki la hisa za sokoni) husomeka, na fedha hufika siku ya tatu ya kazi. Hisa ya kampuni binafsi ina safari nyingine kabisa. Kwa Sheria ya Makampuni, kampuni binafsi haizidi wanachama 50 na katiba yake lazima ibane uhamishaji wa hisa. Kwa hiyo kwanza mfuko utafute mnunuzi, naye atataka kukagua vitabu. Kisha wanahisa waliopo wapewe nafasi ya kununua kabla ya mtu wa nje, kama katiba inavyodai mara nyingi. Bodi ya kampuni ikubali, na inaweza kukataa. Halafu TRA wakadirie kodi ya faida ya mtaji na ushuru wa stempu, na mwisho mabadiliko yasajiliwe BRELA, kwa msajili wa makampuni. Mambo yakienda sawa, hesabu miezi. Na mwenye vipande ameshaahidiwa malipo ndani ya siku chache za kazi.

Tofauti hiyo ndiyo iliyouangusha mfuko wa Woodford Equity Income nchini Uingereza, na tunaomba kila mjumbe wa Bodi aijue habari yake hatua kwa hatua. Mfuko ulianza Juni 2014 chini ya Neil Woodford, meneja aliyeheshimika sana. Mwaka 2017 ulizidi pauni bilioni 10. Wawekezaji waliweza kutoka kila siku. Kanuni za Ulaya zilimruhusu kushika hisa zisizoorodheshwa zisizozidi asilimia 10 ya mfuko, lakini sehemu kubwa ya zilizobaki nazo zilikuwa za kampuni ndogo ambazo, ingawa zimeorodheshwa, zina wanunuzi wachache. Matokeo yalipokuwa mabaya watu wakaanza kutoka. Meneja akauza kilichouzika, yaani hisa za kampuni kubwa, na kila alipouza, zisizouzika zikachukua nafasi kubwa zaidi katika kilichobaki.

Kikomo cha asilimia 10 kilipoanza kubana, baadhi ya hisa hizo ziliorodheshwa kwenye soko dogo la Guernsey. Kwenye karatasi zikawa zimeorodheshwa. Mnunuzi hakuongezeka hata mmoja. Nyingine zilihamishiwa kwenye kampuni ya uwekezaji iliyokuwa chini ya meneja huyohuyo, na mfuko ukapewa hisa za kampuni hiyo badala yake. Mapema Juni 2019 Halmashauri ya Kent ilitaka kutoa takriban pauni milioni 250, na tarehe 3 Juni mfuko ukafungwa. Zaidi ya watu 300,000 walikwama. Mamlaka ya Uingereza, FCA, ilieleza baadaye kwamba siku ya kufungwa ni asilimia 8 tu ya mali za mfuko zilizoweza kuuzwa ndani ya siku saba. Juni hiyohiyo ya 2019 Mark Carney, Gavana wa Benki Kuu ya Uingereza wakati ule, aliwaambia wabunge kwamba mifuko inayoahidi kulipa kila siku huku ikishika mali zisizouzika imejengwa juu ya uongo. Oktoba 2019 uamuzi ukatolewa wa kuuvunja kabisa.

Tazameni hesabu inavyokwenda hata pale meneja anapotii kikomo. Tuseme kikomo ni asilimia 15. Mfuko una shilingi bilioni 100, na bilioni 15 kati yake ni hisa zisizouzika: asilimia 15 kamili. Watu wakitoa bilioni 40, wanaobaki wana bilioni 60, na zile 15 sasa ni asilimia 25. Wakitoa 60, zinakuwa asilimia 37.5. Meneja hajanunua hata hisa moja ya ziada. Ndiyo maana kikomo kinachopimwa siku ya kununua peke yake hakitoshi. Kipimwe kila siku ya kazi, na mfuko uwe na mpango ulioandikwa wa nini kitafanyika kikivukwa.

Marekani, mfuko wa kawaida hulazimika kulipa ndani ya siku saba kwa Sheria ya Kampuni za Uwekezaji ya 1940. Mwaka 2016 SEC, mamlaka ya masoko ya mitaji ya Marekani, iliongeza kanuni inayosema mali zisizo na ukwasi, yaani zisizogeuzika fedha haraka, zisizidi asilimia 15 ya thamani halisi ya mfuko. Kizuri zaidi katika kanuni ile ni tafsiri yake. Haiulizi kama hisa imeorodheshwa. Inauliza kama inaweza kuuzwa ndani ya siku saba bila kuiyumbisha bei. Kikomo kikivukwa, bodi ya mfuko na SEC yenyewe hujulishwa ndani ya siku moja ya kazi.

Sisi tunaihitaji tafsiri hiyo kuliko wao. Chukueni mfuko wenye hisa milioni 3 za kampuni iliyoorodheshwa DSE, ambayo kwa wastani huuza hisa 20,000 kwa siku. Muuzaji mwenye busara hachukui zaidi ya moja ya tano ya mauzo ya siku, la sivyo anaiangusha bei yake mwenyewe. Hiyo ni hisa 4,000 kwa siku, sawa na siku 750 za soko, yaani miaka mitatu. Hisa hiyo imo kwenye ubao wa soko, ina bei kila jioni, na bado haiuziki kwa maana yoyote inayomsaidia mwenye vipande. Wenzetu wa Nairobi nao wanalo jukwaa la dhamana zisizoorodheshwa pale NSE, soko lao la hisa, na ni jambo jema, lakini jina kuonekana kwenye jukwaa lisihesabiwe kuwa ni ukwasi. Kinachohesabika ni mauzo yaliyofanyika.

Tuje kwenye bei, kwa sababu hapa ndipo mwananchi anapopoteza fedha bila hata mfuko kufungwa.

Thamani ya kipande hutangazwa kila siku. Hisa ya kampuni binafsi haina bei ya kila siku. Ina bei ya mara ya mwisho kampuni ilipochukua fedha za wawekezaji, na hiyo inaweza kuwa ya miezi kumi na minane iliyopita. Fikirieni mfuko wenye vipande milioni 100 kwa shilingi 500 kila kimoja: bilioni 50. Kati yake bilioni 10 ni hisa za kampuni binafsi kwa bei ya zamani, na thamani yake ya kweli sasa ni bilioni 5. Kipande kilistahili kuwa 450. Wanaojua wanatoka mapema na kulipwa 500. Wakitoka wenye vipande milioni 40, wanaondoka na bilioni 20. Kinachobaki kwa kweli ni bilioni 25 kwa vipande milioni 60, yaani shilingi 416 na ushee. Aliyekaa kimya akimwamini meneja amepoteza 83 na ushee wakati hasara halisi ilikuwa 50. Tofauti imeingia mfukoni kwa aliyetangulia, na katika nchi yetu anayetangulia ni taasisi yenye wachambuzi wake, si mama lishe anayenunua vipande kwa simu.

Jambo la pili kuhusu bei ni daraja la hisa. Kampuni inapotangaza kuwa ina thamani ya bilioni 100, mara nyingi maana yake ni kwamba mwekezaji mpya ametoa bilioni 20 akapata asilimia 20. Lakini yeye kachukua hisa za upendeleo: kampuni ikiuzwa, analipwa zile bilioni 20 zake kwanza. Mfuko ulionunua asilimia 10 ya kampuni kwa hisa za kawaida, pengine kutoka kwa wafanyakazi wa zamani, ukiziandika kwa bilioni 10 umekosea. Kampuni ikiuzwa kwa bilioni 30, wa upendeleo anachukua 20, zinabaki 10 kwa asilimia 80 iliyobaki, na mfuko unapata bilioni 1 na robo. Kiliandikwa 10, kimeingia 1.25. Hapo hakuna wizi wowote. Ni mkataba ambao mthamini hakuusoma hadi mwisho.

Na meneja hulipwa asilimia ya thamani ya mfuko. Bei ikibaki juu, ada yake inabaki juu. Kwa asilimia 2 kwa mwaka, kila bilioni 10 ya bei iliyochakaa humpa milioni 200. Hatusemi mameneja si waaminifu. Tunasema asiachiwe kuwa mthamini wa mwisho wa kitu kinachomlipa mshahara. SEC ilipopitisha kanuni yake ya uthamini Desemba 2020 ilikubali meneja afanye kazi hiyo, lakini chini ya jicho la bodi ya mfuko, kwa taratibu zilizoandikwa, na kwa kujaribu mbinu zake mara kwa mara. Kwetu, ambako bodi nyingi za mifuko bado changa, tunaomba mthamini awe wa nje, na abadilishwe kila baada ya miaka mitano.

Dawa ya bei mbaya ni kuianika hadharani. Elon Musk aliponunua Twitter kwa dola bilioni 44 Oktoba 2022, kampuni ilitoka sokoni na ikaacha kutoa hesabu kwa umma. Hata hivyo dunia iliendelea kujua thamani yake inakwenda wapi, kwa sababu mifuko ya Fidelity iliyokuwa na hisa zake ililazimika kuonyesha kila mali na bei yake. Kufikia mwisho wa Agosti 2024 Fidelity ilikuwa imeishusha thamani ya sehemu yake kwa karibu asilimia 79. Hivyo tunaomba kila mfuko utangaze, kila robo mwaka, jina la kampuni, daraja la hisa, idadi, bei kwa hisa, tarehe bei hiyo ilipobadilishwa mara ya mwisho, na mbinu iliyotumika. Hisa ikiuzwa, mfuko uonyeshe bei ya mauzo kando ya bei iliyokuwa vitabuni siku moja kabla. Hakuna kinachomfunza mthamini kama hicho.

Sasa, mfuko wa kubebea hisa hizi uweje? Jibu letu ni kuutenga. Marekani wana mifuko ya vipindi, chini ya kanuni ya 1993. Mwekezaji huingia wakati wowote, lakini hutoka kwa awamu tu, kila miezi mitatu, sita au kumi na miwili, na mfuko hununua kati ya asilimia 5 na 25 ya vipande vyote. ARK Venture Fund, uliofunguliwa Septemba 2022, ni wa aina hiyo, na kiwango cha kuanzia kilikuwa dola 500, kwa hiyo mtu wa kipato cha kawaida hakufungiwa nje. Uingereza nao, baada ya Woodford, walianzisha mwaka 2021 mfuko wa mali za muda mrefu ambao mtu hutoa taarifa siku 90 kabla ya kutoka.

Kuna njia ya tatu, mfuko uliofungwa ambao vipande vyake huuzwa sokoni kama hisa. Hapo meneja hadaiwi fedha na wanaotoka, maana wao humuuzia mtu mwingine, lakini bei nayo hutangatanga. Destiny Tech100 iliorodheshwa New York Machi 2024, ikiwa na vipande vya kampuni kama SpaceX. Thamani halisi ya hisa yake mwishoni mwa 2023 ilikuwa chini ya dola 5. Ndani ya wiki chache watu walizinunua kwa zaidi ya dola 100. Aliyenunua kileleni alilipa dola ishirini kwa kitu cha dola moja. Kwa soko lenye wanunuzi wachache kama letu tunahofia zaidi upande wa pili: kipande cha 500 kuuzwa 300 kwa kukosa mnunuzi. Kwa hiyo tunapendelea mfuko wa vipindi.

Tunapendekeza kwa Tanzania awamu ya kila robo mwaka, asilimia 5 ya vipande, taarifa siku 90 kabla. Maombi yakizidi, kila mmoja akatwe kwa uwiano. Yakifika asilimia 12, aliyeomba kutoa vipande 1,200 atalipwa 500, na 700 zinasubiri awamu ijayo kwa ombi jipya. Jambo hili aelezwe siku ya kuingia, si siku ya kutoka. Ukurasa wa kwanza wa waraka wa matarajio, yaani maelezo ya mfuko anayopewa mwekezaji kabla ya kununua, uwe na mfano huohuo, kwa Kiswahili, kwa herufi za ukubwa uleule wa zinazotangaza faida. Mfuko uwe na fedha taslimu na hati za serikali za muda mfupi zinazotosha kulipa awamu mbili mfululizo.

Mifuko inayolipa kila siku isizidi asilimia 5 kwa hisa zisizoorodheshwa, ndani ya kikomo cha asilimia 15 kwa mali zote zisizo na ukwasi, zikiwemo zilizoorodheshwa lakini haziuziki. Mifuko ya ukwasi na ya soko la fedha iwe sifuri. Watu huweka humo ada za shule na kodi ya nyumba.

Meneja asiuziane hisa hizi kati ya mifuko yake mwenyewe, wala na kampuni ambayo yeye au jamaa zake wana maslahi. Mlango huo ufungwe kabisa, bila kibali maalumu, kwa sababu ndio wa kwanza kutumika mambo yakibana.

Mtunza dhamana, yaani anayeshika mali za mfuko kwa niaba ya wenye vipande, naye aongezewe kazi. Hisa za sokoni ziko CDS, anazisoma kwenye kompyuta. Hisa za kampuni binafsi ziko kwenye daftari la wanachama la kampuni na cheti cha karatasi. Kabla ya kutoa fedha, aone kwa macho jina la mfuko limeingizwa daftarini, asome katiba na mkataba wa wanahisa, athibitishe taarifa za BRELA zinalingana. Asikubali ahadi ya mfanyakazi kwamba atahamisha hisa zake baadaye, wala kampuni ya katikati iliyoanzishwa kushika hisa kwa niaba ya wengine, isipokuwa ada za kila ngazi zimeandikwa na kujumlishwa. Mfuko usinunue hisa za kampuni yoyote isiyokubali kimaandishi kuupa hesabu zilizokaguliwa kila mwaka na hesabu za ndani kila robo. Bila hizo hakuna mthamini anayeweza kufanya kazi yake.

Na mfuko ukilazimika kusimamisha malipo, tangazo litoke siku hiyohiyo, likieleza mali gani imekwama, kwa nini, na tarehe ya taarifa inayofuata, isiyozidi siku 14. Ada ya meneja isimame pia mpaka malipo yarudi.

Rasimu ya kanuni ikiwa tayari, tunaomba itolewe kwa Kiswahili na Kiingereza kwa pamoja, na umma upewe siku zisizopungua 60 za kutoa maoni. Hesabu tulizotumia hapa tuko tayari kuzileta zikiwa kamili, pamoja na kielelezo cha ukurasa wa kwanza wa waraka wa matarajio.

Wenu katika ujenzi wa taifa,
Wahasibu, wachambuzi wa dhamana na wenye vipande